Mwaliko wa Julai

Bwana Mshauri, rafiki niliyesoma naye Madina, mwenyeji wa Chinguetti katika nchi ya Mauritania, ametualika mimi na baba yangu twende kwao mwezi wa Julai. Baba ana miaka 73, ni mwalimu wa Kurani, na tangu aliposikia habari za maktaba za kale za mji ule hana usingizi. Lakini ana presha na kisukari. Mke wangu asema jangwani Julai ni moto mtupu, na anayekutakia heri hakualiki wakati kama huo. Nikikataa nitamvunjia rafiki heshima; nikimwacha baba nitamvunja moyo. Nifanye nini?
Mwenye Shaka, Tanga

Ndugu yangu Mwenye Shaka,

Barua yako nimeisoma kwa makini, na kabla ya yote napenda kumwondolea rafiki yako ile dhana ambayo mkeo, kwa huruma na wala si kwa ubaya, amemwekea. Katika jimbo la Adrar, ambamo imo miji ya Atar, Chinguetti na Ouadane, tende huiva katikati ya miezi ya joto, na majira hayo, ambayo wenyewe huyaita Guetna, ndiyo ambayo watu waliotawanyika Nouakchott na kwingineko hurejea kwenye mitende ya wazee wao, wakakaa katika vibanda vya makuti, wakala tende zilizoanza kuiva na kunywa maziwa, wakaozana, na jua likisha kuzama wakasomeana mashairi hata usiku mwingi. Mgeni aendaye Januari huiona nchi ikiwa na hewa ya kupendeza. Lakini anayeitwa Guetna amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Mweleze mkeo hayo, naye naamini atamtaka radhi rafiki yako kwa moyo wake mwenyewe.

Walakini neno lake juu ya moto ni la haki. Joto la Adrar mwezi wa Julai hupita digrii 40 kivulini siku baada ya siku, na mara nyingine hukaribia 45. Nawe utakuwa umetoka Tanga katika kipupwe, mwili wako umeshazoea ubaridi wa kusi, ilhali mwili wa binadamu huhitaji wiki moja au mbili kabla ya kujifunza kutokwa jasho sawasawa katika joto jipya. Wala usijidanganye kwamba mtu aliyekulia pwani na kuistahimili kaskazi analijua joto la jangwa. Kwetu hewa imejaa unyevu, jasho hushindwa kukauka, na mtu huhisi dhiki mapema akatafuta kivuli. Kule hewa ni kavu mno, jasho hukauka kabla hujaliona, na waweza kutembea saa nzima ukapoteza lita moja na zaidi ya maji ilhali shati lako li kavu, usijue lolote mpaka upitishe kidole shingoni ukute chembe za chumvi. Ndiyo sababu nakusihi usingoje kiu, na usinywe maji matupu kutwa kucha bila ya kula, kwa kuwa chumvi iliyotoka sharti irudi, na mwenye maji mengi tumboni bila ya chumvi naye huugua.

Wenyeji wameyajua haya tangu zamani bila ya kufundishwa na tabibu. Kitazame kiriba cha ngozi ya mbuzi kinavyotundikwa kivulini juu ya miti mitatu: ngozi huvuja kidogo kidogo, upepo huukausha ule unyevu wa nje, na maji ya ndani hupoa kuliko hewa iliyoyazunguka. Mavazi yao ndivyo yalivyo, kanzu pana inayoingiza upepo na kilemba kinachofunika kichwa, shingo na mdomo. Na saa zao hali kadhalika, kwani kazi na safari huwa alfajiri na baada ya alasiri, na mchana wote ni wa kulala na wa chai. Ibn Battuta, ambaye wasomaji wetu humkumbuka kwa kufika kwake Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliivuka Sahara mwaka 1352 kutoka Sijilmasa mpaka Walata, mji ulio leo ndani ya Mauritania, na ameandika kwamba joto lilipozidi msafara wao uliondoka baada ya sala ya alasiri, ukaenda usiku kucha, ukatua asubuhi.

Kwa hiyo wewe, maadamu una siha, nenda. Siku chache za mwanzo usifanye lolote ila kusalimia na kukaa. Jambo ninalokuhofia zaidi ni haya zako, kwa sababu sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba mgeni mwema hamsumbui mwenyeji, naye akiumwa kichwa husema hajambo, akialikwa kwenda kuangalia mitende saa sita huinuka. Na staha hiyo, inayompamba mtu Tanga, jangwani yaweza kumwua. Ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu au misuli kukaza, sema papo hapo, ulale kivulini, unyweshwe. Na ukimwona mtu yeyote amepata moto mwilini na maneno yake yamechanganyika, jua hiyo ni hatari ya kufisha: amwagiwe maji mwili mzima pamoja na nguo zake na apepewe bila ya kukoma, kwanza hilo, kisha ndipo atafutwe gari, kwani kutoka Chinguetti hadi Atar ni kilomita zipatazo 80, na njia yenyewe inapita mlimani.

Sasa nije kwa mzee wetu, ambaye kwa kweli ndiye aliyekufanya ushike kalamu. Jibu langu ni kwamba asiende Julai. Mtu wa umri wake hahisi kiu kama kijana, jasho lake ni kidogo, figo zake hazina nguvu ya zamani. Baadhi ya vidonge vya presha humkojoza mtu maji ambayo kule angeyahitaji. Na iwapo anadunga insulini, dawa hiyo huharibika ikipigwa na joto kubwa. Lakini tafadhali usimwambie kwamba amezeeka, wala usimfiche safari ukaondoka kwa kisingizio cha biashara, kwani mwalimu aliyekufundisha kusema kweli hastahili hadaa mwisho wa umri wake. Mpeleke kwa daktari wake, muulize yote haya mbele yake, na umwache daktari aseme. Kisha mwambie lile ambalo naona litamgusa kuliko siha yake: Julai saa za mchana ni za kulala, nayo macho yake yanataka mwanga wa mchana ili yasome, hali Desemba au Januari angeweza kukaa na wenye maktaba tangu asubuhi, karatasi ikafunuliwa mbele yake bila ya haraka. Mji ule wa Chinguetti uliokuwa kituo cha misafara ya mahujaji ndio uliompa Sheikh Muhammad al-Amin al-Shinqiti nisba yake, yeye aliyefundisha Madina na kufariki mwaka 1974. Baba yako anastahili kuufikia akiwa na nguvu za kuuliza maswali.

Na safari yako ya Julai ifanye kuwa ya kumtangulia. Katika misafara ya Sahara palikuwa na mtu aliyeitwa takshif, aliyetumwa mbele peke yake mpaka Walata na barua za wasafiri, awatafutie nyumba za kukodi, na watu watoke mjini kuwalaki njiani na maji. Akipotea yeye, aghalabu msafara nao uliangamia. Uwe takshif wa baba yako. Angalia atalala wapi, pana hatua ngapi za mchangani kutoka hapo mpaka kwenye vitabu, nani ana friji inayofanya kazi kutwa, gari gani litakuwapo usiku likihitajiwa, na waulize wenye maktaba kama wataridhika kumpokea.

Mwandikie rafiki yako leo. Mshukuru kwa mwaliko, mpe salamu za baba, mtajie maradhi yake waziwazi, na umwombe nafasi ya pili kwa ajili yake wakati wa baridi. Rafiki wa kweli hataona hilo kuwa dharau. Baada ya hapo kachanje homa ya manjano, angalau siku 10 kabla ya kuondoka, na kadi yake uiweke pamoja na pasipoti.