Bugenvilia Isipoteze Umbo

Swali: Msomaji wa Kalundu, Uvira, hupiga picha za maua ya bustani kwa simu. Kila akikoleza rangi, bugenvilia hugeuka doa la waridi lisilo na umbo. Afanyeje?

Jibu: Tatizo ni huko kukoleza. Waridi na nyekundu ya bugenvilia huwa tayari karibu na kikomo cha simu. Ikisukumwa zaidi, mishipa na mikunjo hupotea. Kwenye Snapseed, programu ya bure ya Google, apunguze ukolezo, ashushe sehemu zenye mwanga mkali, kisha aongeze umbile. Kidogo tu! Likizidi, ua huonekana kama la plastiki.

Kwanza ajue anachokipiga. Kinachong'aa kwenye bugenvilia si petali, ni majani yaliyobadilika rangi. Maua yenyewe ni yale madogo meupe ya katikati, na hayo ndiyo yanayostahili kuongezewa mwangaza.

Nyeusi na nyeupe? Ajaribu kwa hibiskasi nyekundu, ingawa ua na majani huweza kutoka kijivu kimoja. Kichujio chekundu hulitenganisha: ua hung'aa, majani huingia giza.

Jua nalo lina kazi yake, pengine kubwa kuliko ya programu yoyote. Huko Uvira, jua huchomoza upande wa Burundi, ng'ambo ya ziwa, na kuzama nyuma ya milima ya Mitumba, kwa hiyo kivuli hufika bustanini mapema. Mwanga wa kivulini huelekea ubuluu. Kuongeza rangi ya joto kidogo kunatosha kuusawazisha.