Cheti Hakizimi Kiu: Tupime Wenyewe Faida ya Kampuni



Somo letu safari hii ni juu ya makampuni, hasa yale yatokayo Ulaya, na namna ya kujua kama kazi yao inatufaa kweli au imependeza kwenye karatasi tu. Huenda mtu akauliza, "Sisi wafugaji wa Balambala na Fafi, makampuni ya Ulaya yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Jua letu, upepo, malisho, hata utomvu wa miti yetu ya malmal na hagar, vyote vinatafutwa siku hizi. Karibu na mji wa Garissa upo mtambo mkubwa wa umeme wa jua uliozinduliwa Desemba 2019. Ule ni wa serikali na ulijengwa na Wachina. Wengine watakuja, na afadhali watukute tumejiandaa.

Someni somo hili kwa sauti kikundini. Asiyejua kusoma asikie, na anayeweza awafasirie wazee kwa Kisomali au Kiorma.

1. MANENO MAWILI YA KUTENGANISHA

Kuna kutimiza sheria, na kuna kuleta faida. Mtu anaweza kuchimba kisima, akapata kibali, karatasi zikapigwa muhuri, na ripoti yenye picha nzuri ikaandikwa. Kisheria yote ni sawa. Lakini maji yakiwa ya chumvi hata mbuzi hayanywi, kisima hicho kimetimiza sheria na kiu iko palepale.

Hatusemi sheria haina kazi. Bila sheria mtu angekuja kuchimba hata katikati ya makaburi. Tunachosema ni kwamba sheria ni mahali pa kuanzia safari. Anayeketi hapo na kusema amefika, anatudanganya au anajidanganya.

2. ULAYA WALIVYOJIFUNZA

Septemba 2012, huko Karachi nchini Pakistani, kiwanda cha nguo cha Ali Enterprises kiliungua. Watu zaidi ya 250 walikufa. Nguo zake zilikuwa zikiuzwa Ujerumani. Wiki chache tu kabla ya moto, kiwanda kile kilikuwa kimepewa cheti na kampuni ya ukaguzi ya Italia kwamba wafanyakazi wake wanatunzwa vizuri. Cheti kilikuwepo, na watu wakafa.

Misiba ya namna hii iliwafanya watu wa Ulaya waulize maswali magumu. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2017, na ya Ujerumani ikaanza kutumika Januari 2023. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria yake: makampuni makubwa yachunguze madhara kwa watu na mazingira, siyo kwao tu, bali hata kule mbali yanakonunua mali. Lakini mwaka 2025 Umoja huo ukaanza kuilegeza na kuiahirisha, kwa kuwa makampuni yalilalamika kwamba fomu ni nyingi na gharama ni kubwa.

Lalamiko hilo lina ukweli ndani yake. Kampuni ikiajiri watu kumi wa kujaza fomu, na hakuna hata mmoja anayefika kijijini, fomu zile zinamsaidia nani? Lakini dawa yake siyo kuacha kuuliza. Na sisi tusingoje sheria ya Ulaya itulinde. Wao wakipunguza maswali, sisi tusipunguze.

3. MIFANO MIWILI KUTOKA KASKAZINI MWA KENYA

Upepo wa Loiyangalani. Katika Kaunti ya Marsabit, kampuni ya Lake Turkana Wind Power, yenye wenye hisa kutoka Ulaya, ilisimamisha mitambo 365 ya upepo ya kutoa megawati 310. Tuwe wakweli: mradi huu ulileta faida. Barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis ilitengenezwa, na nchi inapata umeme usio na moshi. Tena kampuni ilikuwa na hati ya ardhi, ekari 150,000.

Shida ilikuwa kwenye hati hiyohiyo. Wenyeji walienda mahakamani mwaka 2014, wakisema ardhi ya jamii ilitolewa bila wao kuulizwa inavyopasa. Oktoba 2021, mahakama ya ardhi mjini Meru ikaamua kwamba hati zile zilipatikana bila kufuata utaratibu. Wakati huo mitambo ilikuwa inazunguka tayari. Hebu fikirini gharama ya kesi ya miaka saba, kwa wenyeji na kwa kampuni pia, ukilinganisha na gharama ya kukaa chini ya mti na wazee tangu mwanzo.

Hewa ya ukaa ya Isiolo. Kampuni yenye kutoa moshi mwingi ng'ambo inaweza kulipia nyanda zetu zitunzwe, ili udongo na majani vishike hewa ya ukaa. Kwa kila tani moja inayoshikwa, inapata hati moja. Mradi wa namna hii ulianzishwa na shirika la Northern Rangelands Trust katika hifadhi za jamii za kaunti za kaskazini, zikiwemo Isiolo, Samburu na Marsabit, na hesabu yake inaanzia mwaka 2013. Fedha zilifika hifadhini, zikalipa basari na walinzi. Hilo tusilifiche.

Lakini wafugaji wengine walilalamika kwamba hawakuelezwa mkataba, na kwamba mpango wa malisho ulioandikwa siyo ule wanaoufuata. Mwaka 2023 shirika la Verra la Marekani, linalosajili hati hizo, lilisimamisha kutoa hati mpya ili lichunguze. Januari 2025 mahakama ya ardhi ya Isiolo ikaamua kwamba hifadhi mbili, mojawapo Biliqo Bulesa, ziliundwa kinyume cha sheria. Kumbe kampuni ya mbali inaweza kuwaambia wateja wake kwamba imesafisha moshi wake, na huku mfugaji ambaye ardhi yake inahesabiwa hajui ameuza nini.

4. SHERIA ZETU ZINATUPA NINI

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema makubaliano ya uwekezaji kwenye ardhi ya jamii iliyosajiliwa hayawi halali mpaka theluthi mbili ya watu wazima wakubali, katika mkutano ulioitishwa kwa jambo hilo. Ardhi ambayo haijasajiliwa, ambayo ni sehemu kubwa ya ardhi yetu huku, inashikwa na kaunti kwa niaba ya jamii. Kaunti haina ruhusa ya kuiuza. Basi sahihi ya mzee mmoja, chifu au diwani siyo sahihi ya jamii.

Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyorekebishwa 2023, inasema mradi wa hewa ya ukaa unaotumia ardhi uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutoa gharama za kazi. Hapo pawekeni alama. Gharama zikiandikwa kubwa, 40 yenu inakuwa ndogo. Kwa hiyo ombeni kuona hesabu ya gharama pamoja na hundi.

5. NAMNA YA KUPIMA

Faida haipimwi kwa idadi ya mikutano wala semina. Inapimwa kwa maisha ya watu, kabla na baada. Fanyeni hivi:

Kwanza, kabla kampuni haijaanza, andikeni hali ilivyo. Mama anatembea saa ngapi kwenda majini? Malisho ya kiangazi yako wapi, na njia ya mifugo inapita wapi? Watoto wangapi wako shule, wasichana wangapi?

Pili, ahadi zote ziandikwe kwa lugha mnayoielewa, pamoja na tarehe. Nakala moja ikae na katibu, nyingine na mweka hazina.

Tatu, ulizeni watakaoumia. Malisho yakifungwa, mwenye ngamia wengi atahama, lakini mjane mwenye mbuzi sita atafanya nini? Kama yeye hayumo kwenye mkutano, mkutano haujatimia.

Nne, kila mwaka rudieni maswali yaleyale na mlinganishe majibu. Msikubali kampuni ijipime peke yake.

Chukueni mfano wa hagar. Tuseme kampuni ya manukato ya Ulaya inamuuliza mnunuzi wake, "Mnatumia watoto?" Anajibu hapana, anatia sahihi, fomu inakwenda. Sheria imetimia. Lakini mama anayeuza utomvu anapata shilingi ngapi kwa kilo? Mizani ni ya kweli? Miti inapumzishwa, au inakatwakatwa mpaka ikauke? Kampuni inayojali itauliza hayo hata kama hakuna anayeilazimisha. Isipouliza, kikundi kiyaseme bila kuogopa. Mnunuzi wa mbali anahitaji mali yenu, na siku hizi hataki jina lake liharibike.

6. MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

(a) Ni mradi gani hapa kwetu una kibao kizuri barabarani lakini hauna faida? Ni nani hakuulizwa?

(b) Kampuni ikija kesho, ni nani atazungumza kwa niaba yetu, na nani alimchagua?

(c) Je, ardhi yetu imesajiliwa? Kama bado, nani atakwenda ofisi ya ardhi ya kaunti kuuliza, na siku gani?

7. KAZI YA MWEZI HUU

Tafuteni daftari moja. Andikeni juu yake "Hali Yetu Leo", na mjaze majibu ya hatua ya kwanza. Akina mama na vijana wahusishwe, maana wao ndio wanaojua njia ya maji. Daftari hilo halina muhuri wala cheti, lakini siku mwekezaji atakaposema ameleta maendeleo, mtalifungua mbele yake na mtahesabu pamoja.