Je, Msikilizaji Azijue Dawa?

Kwa Mshauri wa gazeti,

Mimi ni msaidizi wa kisaikolojia katika kituo kimoja cha Kadutu, hapa Bukavu, na kazi yangu ni kukaa na wagonjwa na kuwasikiliza. Mama mmoja ninayemhudumia alipewa haloperidoli kwa sababu ya kusikia sauti. Siku ya tatu shingo ilimpinda, macho yakamgeukia juu, ulimi ukamtoka. Jamaa wakampeleka chumba cha maombi, wakaambiwa ni pepo, vidonge vikatupwa. Nilipomwuliza muuguzi kama ni dawa iliyofanya hivyo, alinijibu kwamba mambo ya dawa hayanihusu. Je, ni kweli? Na nikijifunza, mpaka wangu uko wapi?

Msaidizi, Kadutu

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma kwa huzuni na kwa heshima pia, maana waliostahili kuuliza swali hili ni wengi na waliothubutu ni haba. Aliyekujibu hivyo amechanganya mambo mawili ambayo sharti yatengwe, yaani kuandika dawa na kuijua. Kuiandika, kuiongeza, kuipunguza na kuikatiza ni amana ya daktari, na hapo huna ruhusa wala udhuru. Lakini kuijua taathira yake ni wajibu wa kila aketiye na mgonjwa saa nzima, madhali daktari wa akili, ambaye wenzake katika Kivu Kusini ni wachache mno, aghalabu humwona mgonjwa huyo kwa muda mfupi, kisha siku nyingi zikapita.

Lililompata mama huyo, kwa jinsi ulivyolieleza, linafanana sana na lile ambalo waganga huliita distonia. Haloperidoli, iliyoundwa mwaka 1958 katika maabara ya Paul Janssen huko Ubelgiji, hutuliza sauti kwa kuzuia kazi ya dopamini ubongoni, na dopamini hiyohiyo ndiyo isaidiayo kuongoza mwendo wa misuli. Kwa hiyo katika siku za mwanzo shingo, macho na taya huweza kukaza kwa namna ya kutisha. Dawa ya kuyalegeza ipo, na ikitolewa kwa sindano hufanya kazi upesi. Watu wa maombi hawakukosa huruma. Walikosa habari, na ambaye angaliweza kuwapa habari hiyo mapema ni wewe, lau ungalifundishwa.

Liko jambo jingine la siri zaidi, nalo lanikera kuliko hilo, kwa kuwa halipigi kelele. Dawa za namna hii huweza kumtia mgonjwa hali iitwayo akathisia, asiweze kutulia, akainuka na kuketi, akatembeatembea chumbani, miguu ikimwasha kwa ndani asijue aisemeje. Msikilizaji asiyejua atadhani ni hofu ya vita inayomrudia, au kwamba mazungumzo yamegusa donda. Ataandika kwamba mgonjwa ana wasiwasi mwingi, daktari atasoma na kuongeza kipimo, na dawa iliyomsumbua itamsumbua maradufu. Hapo maneno matupu ya ripoti, yaliyoandikwa kwa nia njema, yamemdhuru mtu. Laiti ungaliandika tu ulichokiona, kwamba tangu dawa ilipoanza hawezi kuketi, daktari angalifahamu.

Dawa za sonona, kama vile amitriptilini na fluoksetini, zina tabia ya kutanguliza adha, kinywa kukauka au tumbo kuchafuka, ilhali nafuu yenyewe huchelewa kwa majuma mawili mpaka manne na zaidi. Mgonjwa asiyeambiwa haya huziacha kabla hazijamfaa. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa pamoja huua kwa kuharibu mapigo ya moyo, basi ukisikia neno la kutaka kufa, uliza vidonge vingapi viko nyumbani na nani anavitunza, kisha umjulishe daktari siku ileile. Na diazepamu, ikiwa imetumika kwa muda mrefu, haikatizwi ghafla, maana huweza kuleta kifafa.

Usidhani kwamba nakutaka ugeuke nusu daktari. Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa vijijini mashariki mwa Kongo, miongoni mwa wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono, nao ulionyesha kwamba tiba ya mazungumzo ya kikundi, iliyoendeshwa na wasaidizi mfano wako, iliwapunguzia sonona na kiwewe kuliko msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Kazi yako ina heshima yake kamili. Maarifa ya dawa yanailinda tu.

Kwa mama huyo, usimwambie aanze tena vidonge kwa shauri lako. Nenda naye juma hili, pamoja na jamaa aliyemtunza, kule kule alikoandikiwa, ukiwa na karatasi yenye jina la dawa, kipimo, siku ilipoanza, siku shingo ilipopinda na siku vilipotupwa. Umwombe daktari awaeleze jamaa mbele yako, na mchungaji akikubali kuja, aje. Lakini wakati wowote mgonjwa anayetumia dawa hizi akishindwa kumeza au kupumua, au akapata homa kali huku mwili umekakamaa na akili imepotea, usingoje miadi wala ruhusa ya mtu: mpeleke hospitalini saa hiyohiyo, na pakiti ya dawa mkononi.