Gari ya Kikundi Imeishiwa Nguvu: Tuanzie Wapi Kabla ya Kununua Injini?



Gari ya kikundi huishiwa nguvu polepole, ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Mwaka wa kwanza pikapu ilipanda mlima na magunia ya viazi kwa gia ya tatu. Mwaka wa pili ikawa gia ya pili. Siku hizi ni gia ya kwanza, abiria wanashuka, na kijana mmoja anakimbia nyuma ameshika jiwe la kuweka chini ya tairi. Fundi akiitwa anasikiliza kidogo, anatikisa kichwa, anasema, "Hii injini imekwisha. Tafuteni ingine." Mweka hazina anafungua kitabu, na zile pesa zilizowekwa kwa ajili ya tangi la maji zinaanza kuitwa pesa za injini.

Kabla hazijatoka, someni somo hili pamoja, na dereva awepo. Tunataka kuonyesha kwamba injini kuukuu mara nyingi ina nguvu zake bado, lakini zimevuja kidogo hapa na kidogo pale. Kuzirudisha zilizopotea ni kazi ya shilingi chache, nayo inatakiwa kufanywa kwanza. Katika Luka 14 Bwana Yesu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, jinsi anavyokaa kwanza akahesabu gharama. Sisi tutafungua boneti kwanza, halafu tuhesabu.

Mfano wetu ni pikapu ya Peugeot 504, kwa sababu iliunganishwa hapa hapa Kenya kwa miaka mingi na hakuna kijiji kisichoijua. Ni gari ya kabureta na kontakti. Kama yenu ni Toyota au Datsun ya zamani ya petroli, mambo ni yale yale. Kama ni gari inayoendeshwa na kompyuta, ile sehemu ya kabureta na ya kontakti iacheni, mengine yote yanawahusu.

MLIMA WENYEWE UNAKULA NGUVU

Injini huchoma petroli kwa kutumia hewa. Kadiri unavyopanda juu hewa inakuwa nyepesi, na injini inavuta kidogo. Kwa hesabu ya haraka, toa sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 juu ya bahari. Injini inayotoa nguvu za farasi 80 kule Mombasa, ikifika Kinangop, zaidi ya mita 2,500, inatoa kama 60 tu, hata ikiwa mpya! Kwa hiyo msiilinganishe gari yenu na ya binamu aliye pwani.

Lakini kuna hasara nyingine hapo ambayo si lazima. Kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani inamwaga petroli zaidi ya ile hewa ya mlimani inavyoweza kuchoma. Mtaona moshi mweusi, mtanusa petroli, na plagi zitakuwa na masizi. Dawa ni kubadilisha jeti kuu, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu katikati, kuweka chenye tundu dogo kidogo. Kina namba yake. Kikiziba kipulizwe kwa hewa. Akija fundi na waya wa kukichokoa, mzuieni, kwa maana waya unapanua tundu na hapo mmerudi kwenye moshi mweusi.

VITU VISIVYOGHARIMU KITU

Injini ikiwa imezimwa, dereva akanyage pedali ya mafuta mpaka mwisho, na mwingine achungulie ndani ya kabureta. Kile kisahani kinachofungua njia ya hewa kinatakiwa kusimama wima kabisa. Mara nyingi waya wa pedali umelegea, au zulia limekunjamana chini ya pedali, na kisahani kinafunguka robo tatu tu. Nimeona watu wakizungumza habari ya ovahoo wakati waya ulihitaji kukazwa kwa spana moja. Tazameni na choki pia. Injini ikipata joto, choki iwe wazi kabisa.

Halafu breki. Endesheni kama kilomita tano bila kukanyaga breki sana, msimame mahali tambarare, mpitishe mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Yenye joto kuliko wenzake inashikwa na breki. Hiyo ni sawa na kubeba magunia ambayo hayana bei sokoni. Wekeni mawe kwenye magurudumu mengine, inueni hiyo moja kwa jeki, mlizungushe kwa mkono. Mtu asiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Upepo wa tairi mnaujua. Klachi nayo jaribuni mkiwa mlimani: kama mlio wa injini unapanda na mwendo haupandi, nguvu ipo ila haifiki magurudumuni. Hapo injini haina kosa lolote. Chungulieni eksozi chini, maana barabara zetu za mawe huibonyeza, na injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine.

KICHUJIO CHA HEWA

Hapa naomba tukae kidogo. Ile eakilina ya karatasi huziba kwa vumbi la murram, na iliyoziba ni kama kumwambia mtu apande mlima ameziba pua. Itoeni, mpeleke kwa mtu wa pancha mwenye kompresa, apulize kutoka ndani kwenda nje, pole pole. Isioshwe kwa petroli. Kisha iwekeni mbele ya balbu: mwanga upite kila upande, na pasionekane tundu lolote. Ikiwa imetoboka, nunueni mpya.

Kuna madereva wanaoitupa kabisa ili gari "ipumue". Ni kweli, wiki hiyo itapumua vizuri. Lakini vumbi likichanganyika na oili linakuwa kama msasa, linasugua ringi za pistoni na kuta za silinda. Wanaofanya hivyo wanajipatia nguvu ya miezi michache na kuilipia kwa injini nzima.

MOTO WA PLAGI

Toeni plagi zote nne mzipange kwa utaratibu wa silinda zake, msizichanganye. Yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzima. Yenye masizi makavu meusi inapata petroli nyingi au moto hafifu. Iliyolowa oili inaonyesha kwamba oili inapita ringi au valvu. Nyeupe kabisa ni ya joto kupita kiasi. Mkiona tatu za kahawia na moja nyeusi, tayari mnajua silinda gani ina shida, na hamjalipa mtu chochote.

Waya za plagi hupimwa usiku. Washeni injini mahali penye giza totoro, boneti wazi, msiguse. Mkiona cheche za buluu zinaruka juu ya waya au kwenye kifuniko cha distribyuta, huko ndiko moto unakopotelea.

Kontakti zikiwa zimechimbika zibadilishwe, pamoja na kondensa yake, na nafasi ipimwe kwa fila geji kama kitabu cha gari kinavyosema. Utaratibu ni muhimu: kwanza kontakti, halafu taiming, kwa sababu ukigusa nafasi ya kontakti umeshageuza taiming. Fundi akianza na taiming muulizeni kwa upole kwa nini.

Taiming ikichelewa, injini inakuwa nzito na yenye joto. Ikitangulia sana, inagonga mlimani, kama mtu anatikisa sarafu ndani ya mkebe. Kule juu hewa nyepesi inaungua taratibu zaidi, kwa hiyo gari nyingi hukubali kutanguliza taiming kwa digrii mbili au tatu, na kupanda kunakuwa kwepesi. Afadhali fundi atumie taa ya taiming. Ikigonga, rudisheni nyuma. Kugonga kunatoboa pistoni. Na mkipata safari ya Mombasa na mzigo mzito, kumbukeni kuirudisha mahali pake.

PETROLI

Fyulta ya petroli ni ya bei ndogo, badilisheni tu. Tangi lenye kutu au maji lioshwe. Jambo kubwa ni ile petroli ya mtungi kando ya barabara. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inagonga na kukosa nguvu. Mchezo huo ulienea mpaka mwaka 2018 Serikali ikaongeza tozo kwa mafuta ya taa ili kuuzuia. Mkinunua mahali pamoja na kuandika siku, mtajua haraka kama shida ilianza na petroli fulani.

VALVU

Petroli yenye madini ya risasi iliondolewa Kenya mwishoni mwa mwaka 2005. Tunashukuru, kwa maana risasi inadhuru akili za watoto. Lakini ile risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu za eksozi katika injini nyingi za zamani. Bila hiyo, injini inayofanya kazi ngumu huweza kuzamisha valvu pole pole katika kiti chake. Ikizama, nafasi yake inapungua mpaka valvu haifungi vizuri, gesi ya moto inapenya na kuiunguza. Hakuna kelele yoyote ya kuwaonya. Valvu inayogonga kidogo iko salama kuliko ile iliyonyamaza kabisa.

Kwa hiyo nafasi za valvu zipimwe mara kwa mara kuliko zamani, kwa kipimo cha kitabu. Ni kazi ya asubuhi moja. Kati ya kazi zote za somo hili, hii ndiyo ninayoona inasahauliwa zaidi.

KIPIMO KINACHOSEMA UKWELI

Mmefanya hayo yote na gari bado haivuti? Sasa, na ni sasa tu, tuulize kama injini imekwisha. Msikubali jibu la kusikiliza kwa sikio. Tafuteni fundi mwenye geji ya kompresheni.

Injini iwe na joto. Plagi zote zitolewe, waya wa koili ufunguliwe, pedali ya mafuta ikanyagwe mpaka mwisho, stata izungushwe mpaka mshale wa geji uache kupanda. Andikeni namba ya kila silinda. Mlimani namba zote zitakuwa chini kuliko za kitabu, kwa ajili ya hewa, kwa hiyo angalieni zaidi kama zinafanana. Tuseme mmepata 130, 128, 125 na 85. Hiyo 85 ndiyo ya kufuatwa. Mwagieni silinda hiyo kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi, mpime tena. Ikipanda sana, ni ringi. Ikibaki pale pale, ni valvu au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini pamoja, shukuni gasketi ya silinda hedi.

Mnaona tofauti? Valvu moja kuvuja maana yake ni kufungua hedi, kusaga valvu na kuweka gasketi mpya. Hiyo si bei ya injini. Lakini zote nne zikiwa chini, zikipanda kwa oili, na gari ikitoa moshi wa buluu, basi fundi alisema kweli, na kamati ina haki ya kuzungumza juu ya ovahoo. Mkiamua kununua injini iliyotumika, ipimwe hivyo hivyo kabla ya kulipa. Namba ya injini katika karatasi za gari nayo ibadilishwe kwa NTSA, la sivyo mtasumbuka barabarani na siku ya kuuza.

Jambo moja la kukataa: kutoa thamostati. Mafundi wengi huitoa gari ikipata joto, wanasema haina kazi. Kazi yake ni kufanya injini ifikie joto lake upesi na kukaa hapo. Injini baridi inakunywa petroli, inakosa nguvu na kuchakaa, hasa asubuhi za huku kwetu. Kama gari inachemka, tafuteni chanzo kwenye radieta, ukanda au pampu ya maji. Na zile chupa za dawa ya kumwaga katika oili, pesa yake inunue oili safi.

KAZI YA KIKUNDI

Chagueni mlima mmoja. Mzigo uwe ule ule, dereva yule yule, alama ya chini jiwe na ya juu mti. Pimeni kwa saa dakika ngapi na gia gani, mwandike. Kisha tengenezeni jambo moja tu, mpime tena. Mkitengeneza matano kwa siku moja hamtajua ni lipi lililosaidia, na mwakani mtalipia yote matano tena.

Mwanachama mmoja asimame karibu fundi akifanya kazi, si kwa kumshuku bali apate kujifunza. Spea kuukuu zirudi kwa kikundi na risiti zake.

Zungumzeni haya: Ni lini mara ya mwisho valvu za gari yetu zilipimwa, na imeandikwa wapi? Kama fundi atasema injini imekwisha, kamati itamwomba namba zipi kabla ya kugusa akiba? Mlima gani tutautumia, na nani atashika saa?