SOMO LETU: MPAKA WA MTO UMBA NA NJIA YA KARAFUU



Mwezi huu twatazama nchi ya mpakani baina ya Tanga na Mombasa, iliyo ng'ambo ya mashamba yetu ya Pemba. Twawaandikia wenye mikarafuu, na pia wenzetu waliohamia Dar es Salaam wakafungua maduka Mchikichini na Kariakoo. Maana jambo lenyewe ni la bei, nao wanalijua.

Kwanza, nchi yenyewe. Mto Umba hutoka milima ya Usambara ukaingia baharini karibu na Vanga. Kusini iko Horohoro, na njia ya Tanga. Kaskazini ziko Lunga Lunga, Vanga na Shimoni. Wenyeji ni Wadigo, Wasegeju na Wavumba, na jamaa zao wako pande zote mbili. Mbele yao ni mkondo wa Pemba, wenye upana wa kadiri ya kilomita 50 na kina kirefu.

Pili, mpaka ulitoka wapi? Zamani pwani hii ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana wao kwa wao kuigawa bara kwa mstari ulioanzia mlango wa Mto Umba. Sultani akaachiwa ukanda wa pwani, upana wake maili 10. Mwaka 1890 Wajerumani wakaununua ukanda wa upande wao kwa marki milioni 4. Ukanda wa Mombasa ulibaki kwa jina kuwa wa Sultani hata mwaka 1963, Kenya ilipopata uhuru. Mwaka 1966 kila nchi ikatoa shilingi yake. Basi jamaa wa ukoo mmoja wakawa na serikali mbili, ushuru wa namna mbili, na sarafu mbili.

Tatu, biashara. Barabara ya Tanga hadi Horohoro sasa ni ya lami, na ushirika wa forodha wa Afrika Mashariki ulioanza mwaka 2005 umeyapunguzia mzigo mazao mengi. Lakini karafuu yetu ilikuwa na njia yake ya usiku. Bei ya shirika la serikali ilipokuwa ndogo na ya Mombasa kubwa, magunia yalivuka kwa mashua. Askari waliwekwa, na magendo hayakwisha. Mwaka 2011 bei ya Zanzibar ilipandishwa hata ikafika shilingi 15,000 kwa kilo, na magendo yakapungua sana.

Mwenye duka Mchikichini hatashangaa. Mnunuzi huvuka barabara akiona bei nafuu upande wa pili, wala hakuna wa kumfunga kamba. Na gunia nalo huvuka bahari likiitwa na bei bora.

Lakini na sisi tutimize wajibu wetu. Karafuu ya magendo huuzwa kwa haraka na kwa hofu; mwenye mashua ndiye apangaye bei, na chombo kikizama mkulima hana pa kudai. Chama kidai bei ya haki, na mwanachama alete karafuu kavu na safi kwenye mizani.

Maswali ya kujipima:
1. Ni akina nani waliochora mpaka wa Umba, na mwaka gani?
2. Kwa nini askari walishindwa na jambo ambalo bei iliweza?