Tusihukumu kabla ya kuhakikisha



Ndugu msomaji, jaribu swali hili ninalopenda kuwapa wanafunzi wangu. Msahafu na tasbihi vimenunuliwa kwa jumla ya shilingi 11,000. Msahafu umeizidi tasbihi kwa shilingi 10,000. Je, tasbihi ni shilingi ngapi? Wengi hujibu papo hapo: 1,000. Lakini ingekuwa hivyo, msahafu ungekuwa 11,000 na jumla ingefika 12,000. Jibu sahihi ni 500. Swali la namna hii lilichapishwa mwaka 2005 na mtafiti Shane Frederick, na liliwakosesha hata wanafunzi wa vyuo vikuu maarufu vya Marekani.

Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alieleza kuwa fikra zetu zina njia mbili. Ya kwanza ni ya haraka na haituchoshi. Kwa njia hiyo unaitambua sauti ya mama yako kwenye simu, au unaruka pembeni pikipiki inapokujia. Ya pili ni ya polepole: hupima, huhesabu na kuuliza ushahidi. Zote mbili ni neema. Hatari ni pale njia ya kwanza inapofanya kazi ya ile ya pili.

Uislamu ulituonya juu ya hatari hiyo zamani. Katika Suratul Hujurat aya ya 6, Allah (SW) anatuamrisha tuihakikishe habari anayotuletea fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mtume (SAW) naye alimkataza kadhi kuhukumu akiwa na hasira, kama walivyopokea Bukhari na Muslim.

Tuzingatie pia kisa cha Usama bin Zaid (RA). Vitani alimkabili adui ambaye, alipoona amezidiwa, alitamka shahada. Usama akamuua, akiamini kuwa mtu yule ameitamka kwa kuogopa silaha tu. Dhana hiyo ilikuwa na sura ya ukweli. Hata hivyo Mtume (SAW) alimkemea vikali, akamuuliza kama aliupasua moyo wa mtu yule akaona kilichomo. Usama alitamani lau angekuwa amesilimu siku ile tu.

Pengine msomaji atauliza: mbona Mtume (SAW) alimwambia Wabisa bin Ma'bad (RA) autake moyo wake fatwa? Ni kweli. Lakini tuangalie moyo ule ulikuwa unaulizwa nini. Wabisa alikuja kuuliza kuhusu wema na dhambi, yaani mwenendo wa mtu mwenyewe. Moyo ukiingiwa na shaka, unakuzuia wewe usitende. Haukupi ushahidi wa kumtia hatiani mwenzako.

Sasa tutazame mitaa yetu. Mtu mmoja anapiga kelele "mwizi!", na kabla kijana hajaulizwa hata jina lake, mawe na tairi vimeshafika. Watu husema, "Kama si mwizi, mbona alikimbia?" Nani asiyekimbia akifukuzwa na watu 50? Na katika umati ule wamo Waislamu waliotoka kuswali muda si mrefu. Wako pia wanaotoa talaka kwa sababu ya ujumbe mmoja wa simu waliouona usiku, bila kuuliza umetoka kwa nani.

Ndugu zangu, kabla ya kuhukumu tujiulize mambo matatu. Je, nimeona mwenyewe au nimesikia? Je, nimemsikiliza mtuhumiwa kama nilivyomsikiliza anayemtuhumu? Je, hasira yangu imepoa? Likikosekana jibu la moja tu, tusubiri. Ukichelewa kumhukumu mwizi wa kweli, bado anaweza kufikishwa mahakamani. Aliyechomwa moto bila hatia hakuna atakayemrudishia uhai wake, na sisi tuliorusha mawe tutaulizwa mbele ya Allah (SW).