Kupima Kina cha Usingizi Wakati wa Upasuaji

Mgonjwa wa Mwika ahitajiye upasuaji mkubwa huweza kuteremshwa hadi Moshi, katika hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Kabla ya kupasuliwa hupewa dawa ya nusukaputi. Dawa ikipungua, aweza kuzinduka na kuhisi kisu. Ikizidi, pumzi na moyo vyaweza kusimama. Je, mtaalamu wa usingizi hutambuaje kiasi kifaacho?

Tangu William Morton alipoonyesha matumizi ya etha mjini Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, kipimo kilikuwa dalili za mwili. Daktari Arthur Guedel, Mmarekani, alizipanga katika hatua nne. Kwanza, maumivu hupungua. Pili, fahamu hupotea lakini mgonjwa hufurukuta. Tatu, pumzi hutulia na misuli hulegea. Hapo ndipo upasuaji hufanyika. Nne, pumzi hukoma, nayo ndiyo hatua ya hatari.

Mpango huo uliifaa etha. Mwaka 1942 Harold Griffith wa Montreal, Kanada, alianza kutumia kurare, dawa ilegezayo misuli. Mgonjwa aliyepewa dawa ya namna hiyo hupumulishwa, wala hawezi kufurukuta hata akiwa na fahamu. Basi kutulia si kulala. Ketamini nayo hupotosha kinyume chake: mgonjwa huweza kufumbua macho ilhali hahisi maumivu.

Mwaka 1977 Tunstall wa Aberdeen, Uskoti, alieleza njia rahisi. Mkanda wa kupimia shinikizo la damu hufungwa mkononi na kujazwa hewa kabla ya kudunga dawa ya kulegeza misuli, ili dawa isiufikie mkono huo. Mgonjwa akiambiwa afinye vidole, naye akafinya, fahamu zingalipo.

Siku hizi kuna pia chombo kisomacho umeme wa ubongo kwa elektrodi zibandikwazo kwenye paji la uso. Huonyesha namba tangu 0 hadi 100. 40 hadi 60 ndicho kiwango kinacholengwa. Lakini ketamini huweza kuipandisha namba hiyo bila usingizi kupungua.

Kwa hiyo mtaalamu hulinganisha mapigo ya moyo, shinikizo la damu, jasho, machozi na kiasi cha dawa. Hakuna dalili moja itoshayo peke yake.

Swali kwa wanafunzi: Kwa nini kurare hulegeza misuli ya mikono, lakini haiusimamishi moyo?